Majina ya Mlangoni

Ujiji, 17 Januari 1999

Kwa mama mkwe wangu, Mama Pélagie,

Nimefika. Ninaliandika neno hilo kwanza ili usisome ukurasa mzima ukiwa umeshika kifua. Treni ilitufikisha Kibombo tu. Kutoka pale tulitembea siku nyingi hadi Kabambare, kisha tukapata lori, kisha ziwa. Tumbo langu lilisafiri vizuri kuliko miguu yangu. Mtoto anacheza.

Bibi Tatu, yule shangazi yake marehemu mumeo Baba Nestor uliyenituma kwake, alinitazama tumbo kabla ya kunitazama uso. Akasema, "Karibuni, nyote wawili." Amenipa chumba cha mwanawe Assani, ambaye yuko Zambia. Hakusema tangu lini.

Nyumba hii ina taratibu zake, nami nimekwisha kuzivunja karibu zote. Viatu huvuliwa nje. Mtu mzima huamkiwa "Shikamoo". Mimi nilisema "Jambo, Bibi," kama tunavyokuamkia wewe, na binti wa jirani akaziba mdomo kwa kiganja. Siku ya kwanza nilikaa nikingoja sahani yangu. Wao walikula kwa mkono kutoka sinia moja, wakizungumza, na wali ukaisha mimi bado nangoja. Bibi Tatu akauliza, "Mwana wa Kindu, umefunga?" Walicheka, nami nikacheka, kisha wakapika tena.

Haya yote nitajifunza. Linalonisumbua ni mlango. Kwetu jua likizama wewe husimama mlangoni, ukawaita kwa majina wote wa nyumba walio mbali, kama Baba Nestor alivyokuwa akiyaita majina ya stesheni ndani ya treni, ili mtu aliyesinzia ajue pa kushukia. Hapa saa hiyohiyo mlango hufungwa na kitasa, watoto huvutwa ndani, na vyungu hufunikwa. Juzi nilitoka barazani nikaita, "Okito! Mama Pélagie!" Bibi Tatu alinishika kanga kwa nyuma akanirudisha ndani.

"Wee mwana! Jina haliitwi magharibi. Likitoka nje saa hii, huitika asiyeitwa."

Tangu juzi sijawaita. Ninajisikia kama mtu aliyelala bila kunawa miguu.

Mwambie Okito kwamba simlaumu kwa kubaki na injini zake sisi tukikimbia vita. Najua mume wangu haipendi kalamu. Basi akupe kiganja chake chenye grisi, ukibandike chini ya barua.

Mkwe wako,
Euphrasie


Kindu, 2 Machi 1999

Mwanangu Euphrasie,

Barua yako imeletwa na Didier, mfanyabiashara wa chumvi ambaye sasa hupanda ndege za mizigo. Umeandika vizuri, isipokuwa umesahau kunieleza unalala saa ngapi. Mwanamke mwenye mimba analala mchana. Bibi Tatu akikataa, mwambie ni amri yangu.

Usishindane na mlango wake. Yeye ndiye mwenye nyumba. Tafuta tundu jingine la kupitishia majina. Wewe si mjinga.

Mimi ninakuita. Kila jioni ninasema, "Euphrasie, na wewe ambaye hujapewa jina." Okito simwiti kwa sababu yumo ndani, ametandaza baiskeli ya watu juu ya mkeka wangu na kusema eti anaitengeneza. Unajua sheria ya mlango: ninawaita walio hai na walio mbali. Aliyemo ndani haitwi. Aliyekufa haitwi pia, kwa sababu aliyeitwa sharti apokewe, nasi hatuna cha kumpokelea mfu.

Mji umenyamaza. Mashua zimefungwa. Asubuhi ukungu unatoka Lualaba unapanda hadi kwenye reli, na mabehewa yaliyosimama yanaonekana kama yanaelea. Ninayatazama nikinywa chai isiyo na sukari, na mara nyingine ninaona yakisogea.

Nimemsomea Okito barua yako. Akaniambia, "Mama, munisomee tena pale pa wali." Amecheka hadi akalia. Kiganja chake ni hiki hapa chini. Ameweka grisi nyingi mno. Ukitazama vizuri utaona hata kovu la kidole gumba.

Mama Pélagie


Ujiji, 30 Mei 1999

Mama,

Ni msichana. Amezaliwa tarehe 11 Aprili, asubuhi, mvua ikinyesha ziwani tu na nchi kavu ikiwa na jua. Nimemwita Bénie. Ana vidole virefu vya baba yake. Nilimwekea kiganja chake juu ya kiganja cha grisi kwenye karatasi. Kikatoshea katikati, kama mbegu.

Tundu nimelipata. Jikoni kuna mtungi mkubwa wa maji ya kunywa, na kila magharibi ni kazi yangu kuufunika. Kabla sijaweka kifuniko ninainama na kunong'ona ndani: Okito, Mama Pélagie. Maji yanatetemeka kidogo, kisha yanatulia. Ninafunika.

Wiki iliyopita Bibi Tatu alinikuta.

"Unazungumza na mtungi?"

Nikamweleza. Nilidhani atanifukuza. Alikaa juu ya kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, mbao ikalia chini yake. Kisha akasema, "Maji hayana mlango. Hapo sawa." Akaongeza kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Mtaje na Assani. Ni mwaka wa kumi na mbili hajaandika."

Nikamtaja Assani. Akasema, "Na Mzee wangu, marehemu." Nikamwambia kwamba kwetu marehemu haitwi, kwa sababu atakuja. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito.

"Ninyi mnaita. Sisi hapa tunataja tu. Kutaja hakumwamshi mtu."

Basi katika mtungi wetu walio hai na wafu wamo pamoja, na asubuhi nyumba nzima inakunywa maji hayo. Jana nimeota kwamba nimeinama juu yake na chini kabisa, mbali, nikasikia honi ya treni ya Kindu. Nilipoamka Bénie alikuwa akininyonya, na nje ziwa lilikuwa jeupe.

Mwonyeshe Okito alama hii ya chini. Ni mguu wa mwanawe. Nilitumia masizi ya chungu.

Euphrasie


Kindu, 9 Septemba 1999

Mwanangu,

Soma ukiwa umeketi.

Wiki tatu zilizopita watu wenye bunduki waliingia mtaa wa reli wakachukua wanaume kumi na wanne kuwabebea mizigo kuelekea Pangi. Okito ni mmoja wao. Hakupigwa. Alinigeukia mara moja akasema, "Mama, ile mnyororo ya baiskeli ya Henri iko mu kikopo." Hayo ndiyo maneno yake.

Wengine huachiwa wakarudi. Wanne wamekwisha kurudi. Kwa hiyo sasa kila jioni ninaita majina matatu: Okito, Euphrasie, Bénie. Ninaanza na yeye kwa kuwa hayuko mbali sana, na sauti itamfikia ikiwa bado na nguvu.

Kiganja hakipo safari hii. Alama ya mguu wa mtoto aliiona kabla hawajamchukua. Aliikunja akaiweka katika kofia yake.

Mama Pélagie


Kindu, 20 Desemba 1999

Mwanangu Euphrasie,

Didier alichelewa, ndiyo maana na mimi nimechelewa. Mvua ni nyingi. Mpunga wa Kibombo haufiki mjini, tunakula mihogo na majani yake, sombe, bila mafuta. Mchungaji mpya ana sauti ndogo. Mwembe wa jirani umeanguka juu ya choo chake, hakuna aliyekuwamo.

Kila jioni bado ninasimama mlangoni. Ninaita Euphrasie, ninaita Bénie. Sauti yangu imekuwa nyembamba, lakini inafika mtoni.

Mfunike mtoto kifua.

Mama Pélagie


Ujiji, 27 Februari 2000

Mama,

Nisamehe kwa kukawia. Sikuwa mzima baada ya mwaka mpya. Kwa siku arobaini Bibi Tatu hakuniruhusu kushika mwiko. Alipika yeye, akamwogesha Bénie yeye, hata nywele zangu alizisuka yeye. Sasa nimeinuka.

Bénie ameota jino. Moja, la chini. Anamng'ata Bibi Tatu naye anasema, "Kindu wananila!" Yeye bado hawezi kulitamka jina la mtoto vizuri, anamwita Beni, kama mvulana.

Nisalimie Okito. Mwambie habari ya jino.

Euphrasie


Kindu, 3 Mei 2000

Mwanangu,

Salamu zako, na habari ya jino, nimezifikisha.

Mama Pélagie


Kindu, 6 Agosti 2023

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ninaandika kwa mkono kwa sababu wewe mwenyewe ulisema kwamba kwenye simu hatusemi lolote isipokuwa "tuko salama." Barua hii nitaipiga picha kisha niende nayo stesheni, maana ndipo pekee mtandao unaposhika.

Nyonga ya Koko, iliyonileta huku kumuuguza, inapona. Anatembea kwa fimbo na kunifokea kwa nguvu zote, basi usiwe na hofu. Ndiyo, Mama Pélagie ninamwita Koko, kama wajukuu wa hapa. Nilipofika nilimwita "Bibi" mbele ya wageni, wakaangua kicheko. Jirani yetu Yannick, fundi wa zamani wa reli, akasema, "Bibi ya nani? Huyu hajaolewa tena!" Kumbe hapa bibi ni mke. Na nilipowaamkia "Shikamoo" wazee wa mtaa, mmoja alinijibu "Asante," mwingine akanipa ndizi.

Umenilea katika nyumba ya Bibi Tatu, Mungu amrehemu, na sasa mikono yangu haijui la kufanya hapa. Nilivua viatu nje kama kwetu; mbwa akachukua kimoja. Niliketi kungoja sinia, nikaletewa sahani yangu peke yangu, nikaona kama nimetengwa kwa kosa fulani. Wali ni mwekundu kwa mawese. Ninaoga katika ua wa makuti nikitazama mawingu, na ninakiri kwamba hilo ninalipenda.

Jioni ndiyo ngumu. Jua likishuka mwili wangu wote unataka kufunga mlango, na Koko ndiyo kwanza anaufungua wazi. Anasimama pale, mto wote ukiwa umegeuka shaba, anaita, "Euphrasie!" Mara moja tu, kama kondakta. Zamani aliniita na mimi; sasa mimi nimo ndani, haniiti. Siku ya kwanza nilijificha nyuma ya pazia, vinyweleo vya mikono vimenisimama. Lakini jina lako linatoka, linavuka reli, linavuka maji, na baada yake kunakuwa na kimya kizuri sana, kama kile cha mtungi ukishafunikwa. Sasa ninasimama naye.

Kuna jambo moja. Wewe kila magharibi ulimtaja Baba kwanza. Hapa nyumbani kwake mwenyewe hatajwi. Labda Koko sauti haimtoshi kwa majina mawili. Nitamsaidia.

Binti yako,
Bénie


Kindu, 14 Agosti 2023

Mama,

Nimefanya kosa, na sijui ni kosa gani.

Juzi jioni Koko alikuwa ameketi ndani akichambua mchele, mguu ukimuuma. Akaniambia, "Leo ita weye. Unajua." Nilifurahi. Nilisimama mlangoni, nikaita jina lako. Kisha, ili nimfurahishe, nikajaza kifua na kuita, "Okito!"

Nilisikia ungo ukianguka. Koko alipita kando yangu bila fimbo. Bila fimbo, Mama. Alishuka ngazi, akafika njiani, akasimama akitazama kuelekea reli, mikono ameikunjua mbele kama mtu anayepokea mtoto. Mchele ulikuwa umemshika nguoni. Yannick alitoka kwake na taulo shingoni akasema, "Nani njo ameita ile jina?" Tulisimama watatu tukitazama njia, na ninakuapia kwamba hata mimi nilimngoja mtu.

Kisha Koko aliketi chini, mavumbini. Tulimbeba.

Tangu siku hiyo kila jioni anaweka kiti barazani na beseni la maji ya miguu kando yake. Hamna anayekaa. Hanigombezi, na hilo ndilo linalonitisha. Leo ameomba karatasi na kalamu. Amesema barua yake niisome kwanza mimi, kisha niipeleke stesheni.

Bénie


Kindu, 15 Agosti 2023

Mwanangu Euphrasie,

Mtoto ameita jina la Okito mlangoni. Hakujua. Kwa hiyo lazima nikuandikie jambo ambalo nilipaswa kukuandikia ukiwa na miaka ishirini na mitatu.

Mumeo alirudi. Ilikuwa tarehe 8 Oktoba 1999. Yannick alimbeba mgongoni kutoka njia ya Pangi, ana homa, miguu imevimba. Aliishi siku tatu katika chumba chenu. Hakuteseka sana siku ya mwisho. Alidhani yuko kwenye injini, akaniambia niondoe mikono yangu mahali pa moto. Kofia yake hakukubali ivuliwe. Nilimwosha mimi mwenyewe. Amelala nyuma ya nyumba za reli, mahali ambapo zamani mlikuwa mnaanika nguo.

Niliwaambia majirani wote, na Didier, na Yannick: mtu asimwandikie mke wake. Mimi nitaandika. Kisha nikakaa na kalamu, nikaandika habari za choo cha jirani.

Unajua desturi yetu. Kilio kikiisha, wazee humketisha mjane na kumuuliza: unabaki nasi au unarudi kwenu? Hakuna anayemlaumu akijibu kwamba anarudi. Ulikuwa msichana, ulikuwa ng'ambo ya ziwa, umemshika mjukuu wangu pekee. Nikasema moyoni: kilio kisipowekwa, swali halitaulizwa. Nilikuwa nimezika mume na mwana, na mtoto wenu nilikuwa sijamshika. Nilikuzuia kwa kunyamaza. Si kwa huruma, usimwache mtu akudanganye hivyo. Nilikuzuia.

Uongo sikuandika. Nilimtoa katika majina kwa sababu mlango hauchezewi. Ulipomtumia salamu za jino, nilikwenda pale alipo nikamsomea. Barua zako zote nilimsomea pale, kwa sauti, hata watu wa reli wakadhani nimechanganyikiwa.

Simu zilipokuja uliniuliza habari za mvua, za nyonga, za bei ya mafuta. Yeye hukuniuliza kamwe. Kila ulipopiga niliogopa kwamba utauliza, na ulipokata niliumia kwamba hukuuliza.

Sasa ameitwa. Aliyeitwa sharti apokewe. Ninaweka kiti na maji, lakini mimi ni mama yake tu, na kilio chake hakiwezi kukaliwa bila mkewe. Njoo tumlilie. Ukifika nitakuuliza lile swali mbele ya wazee, kama inavyopasa, nawe utajibu unavyotaka. Nina miaka sabini na minane. Jibu lolote nitaliweza.

Pélagie


Ujiji, 2 Septemba 2023

Mama,

Nilijua.

Barua yako ya Desemba ilinifikia tarehe 8 Januari 2000. Niliisoma jikoni, nimeegemea mtungi. Septemba uliita majina matatu. Desemba uliita mawili. Kama angekuwa amerudi mzima, ungejaza ukurasa kwa furaha. Kama angekuwa bado njiani, ungemwita. Na wewe husemi uongo mlangoni. Niliikunja karatasi, nikainama, nikalinong'ona jina lake ndani ya maji kama Bibi Tatu alivyomnong'ona Mzee wake. Bibi Tatu alikuwa nyuma yangu. Alinitoa mwiko mkononi.

Zile siku arobaini hazikuwa ugonjwa. Yeye alitaka nikae eda ya kwao, miezi minne na siku kumi. Mimi nilijua kilio cha kwetu, chenye watu na kuni barazani. Tukapatana katikati. Alinisuka, akaninyoosha miguu, akanipa uji. Niliomboleza kwa desturi ya nyumba ya watu, kimyakimya, mlango umefungwa.

Na bado nikakuandikia, "Nisalimie Okito." Unataka kujua kwa nini? Kwa sababu na mimi nililijua lile swali la wazee. Nilidhani kwamba nikikuambia ninajua, utaniambia, "Basi uko huru, mwanangu, nenda." Nilikuwa ninakula katika sinia la watu, ninaamkia kwa maneno ya watu. Mahali pamoja tu duniani palikuwa na mtu anayesimama na kuliita jina langu kwa sauti. Sikutaka uhuru wa kutoitwa. Hata fundi cherehani mmoja alipokuja kuniposa, mtu mwema, nilimjibu kwamba nina mume. Bibi Tatu alikohoa tu.

Ndiyo maana sikuwahi kurudi. Kila mwaka nilisema mwaka ujao. Nikirudi, ungelazimika kusema, nami ningelazimika kusikia.

Kosa la mtoto ni langu. Nilimfundisha kutaja, sikumfundisha kuita. Alipokuwa mdogo akiniuliza baba yuko wapi nilimjibu kwamba yuko mbali, naye akaniamini, au alinihurumia.

Lakini usidhani kwamba sina hasira. Ninayo. Ulimsomea yeye barua zangu, nami hukuniambia amelala wapi. Miaka ishirini na mitatu nimelitafuta kaburi hilo usingizini. Ninashuka Kindu, mabehewa yanaelea, ninauliza kila mtu, na kila mtu ananionyesha mto. Kumbe ni pale kwenye kamba tulipoanika nguo! Nguo zake nimezianika pale kwa mikono yangu. Ungeandika neno moja tu, "kambani," ningelala.

Nitakuja kukuambia haya ana kwa ana. Jiandae, nitasema kwa sauti. Kisha tutalia.

Mwambie Bénie asiondoe kiti.

Euphrasie


Kibombo, 19 Oktoba 2023

Mama, na wewe Bénie,

Hapa mtandao haupo, kwa hiyo ninampa kijikaratasi hiki mwendesha pikipiki anayekwenda Kindu. Amecheka kusikia kwamba pikipiki itaitangulia treni, lakini tumesimama hapa siku tatu tukingoja kipuri, na leo asubuhi ndipo fundi ametoka chini ya injini akiwa na grisi hadi kwenye viwiko. Nilimtazama mno. Akaniuliza, "Mama, iko shida?" Nikamwambia hakuna. Nikamwomba tu anionyeshe kiganja.

Tunaondoka alasiri. Stesheni hii ndiyo ileile niliposhuka nikiwa na Bénie tumboni, na mbele yake mpunga unaanikwa vilevile. Kuna wakati nasinzia juu ya mzigo na sijui ninakwenda au ninatoka.

Nimebeba chupa moja ya maji ya mtungi wa Bibi Tatu. Niliyachota usiku uliotangulia safari, baada ya kuwataja wote: Bibi Tatu, Mzee wake, Assani ambaye hakuandika hadi mwisho, Okito. Maji ni mazito kidogo kuyabeba. Tutayamimina pale kambani, taratibu.

Jibu la swali la wazee ninalo, Mama, lakini uliza kama inavyopasa. Nataka kuulizwa.

Leo jioni niite kama kawaida, maana nitakuwa bado njiani, na nikisinzia nisije nikapitiliza. Kesho jioni msiniite. Nitakuwa ndani.

Euphrasie